Upepo wa Matairi ya Trela Nje ya Lami

Upepo ulio ndani ya tairi ndio unaobeba trela. Mpira, nyuzi na nyaya za chuma kazi yao kubwa ni kuuzuia upepo huo usitoke na kuupa umbo. Ndiyo maana tairi jipya la bei ghali likipungukiwa upepo hushindwa na mzigo ambao tairi kuukuu lenye upepo wa kutosha huubeba bila taabu. Kwa gari dogo linaloshinda kwenye lami, suala hili humalizwa na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa trela inayotoka nje ya lami, iwe imebeba mahindi au hema na magodoro ya safari, mara nyingi hakuna kibandiko. Mwenye trela hana budi kukitafuta kipimo mwenyewe, kisha kukibadilisha kila mara mzigo, njia na mwendo vinapobadilika.

Kiplombe ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Wadi hii ya eneo bunge la Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, iko pembezoni mwa Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024. Nyumba za kupangisha zimepakana na mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa, na safari fupi tu inaweza kumpitisha dereva kwenye lami, murram na njia ya shamba yenye matope. Mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba. Mavuno huja kati ya Oktoba na Desemba. Trela zinazopita huko ni za aina tatu. Kuna za trekta, zinazotoa mahindi shambani. Kuna ndogo zinazovutwa na pikapu, nyingi zikiwa zimechomelewa na mafundi wa jua kali. Na kuna trela za kambi, zenye hema, jiko na tangi la maji, ambazo wasafiri huzivuta kuelekea Turkana, Bonde la Kerio au mpaka wa Uganda. Zote zinaongozwa na kanuni zilezile.

Jinsi upepo unavyobeba mzigo

Upepo wa tairi hupimwa kwa paundi kwa kila inchi ya mraba, na kwenye vituo vya mafuta vya Kenya watu husema “paundi” tu. Geji nyingine huonyesha bar: bar 1 ni sawa na paundi 14.5, na paundi 40 ni takriban bar 2.8.

Tairi likiwekewa mzigo hubonyea chini hadi sehemu inayogusa ardhi, yaani wayo wake, iwe pana kiasi cha kuubeba mzigo huo kwa upepo uliopo. Hesabu yake ni nyepesi. Gurudumu lililobeba kilo 560 kwa paundi 40 huhitaji wayo wa karibu sentimita 200 za mraba. Upepo ukishushwa hadi paundi 30, wayo hufikia kama sentimita 265. Ukishushwa hadi 20, hufikia karibu 400. Kwa kweli ubavu wa tairi nao husaidia kubeba kidogo, hivyo wayo halisi huwa mdogo kuliko hesabu inavyosema, lakini mwelekeo ni uleule: upepo ukipungua nusu, wayo hukaribia kuongezeka maradufu. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo huwa kwenye urefu, mbele na nyuma, kuliko kwenye upana.

Kwenye ardhi laini, tofauti hiyo huamua kama gurudumu litapita juu au litazama. Ardhi husukumwa na uzito uliogawanywa kwa wayo. Gurudumu lisilobonyea kabisa ndilo baya kuliko yote, na uwanda wa Uasin Gishu una historia yake katika hilo. Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka meli Mombasa, wakapanda garimoshi hadi Nakuru, kisha wakakwea uwandani kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Magurudumu yao yalikuwa ya mbao yaliyovikwa mkanda wa chuma. Chuma hakibonyei, kwa hiyo mzigo wote uliangukia ukanda mwembamba wa ardhi, na matope ya njiani yaliwapa taabu kubwa. Tairi la upepo lilikuwa tayari limeshabuniwa: John Boyd Dunlop alilitengeneza Belfast mwaka 1888, ila lilianza na baiskeli, si na magari ya mizigo. Katika miaka ya 1920 na 1930, Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza, alivuka mchanga wa jangwa la Libya kwa magari ya Ford, na kupunguza upepo kulikuwa mojawapo ya mbinu zake. Mbinu hiyo haijabadilika hadi leo.

Kwa nini trela si gari

Madereva wengi huweka kwenye trela upepo uleule wa gari linaloivuta. Ni kosa, kwa sababu kazi za magurudumu hayo hazifanani. Gurudumu la gari linasukuma, linakata kona na linabeba uzito wa injini. Gurudumu la trela linaburutwa tu. Halihitaji kung'ang'ania ardhi ili lisonge mbele. Linachohitaji ni kuviringika kwa wepesi, bila kuchimba mtaro. Trela inayochimba huwa nanga: gari lenye nguvu za kutosha kupita peke yake hukwama kwa sababu ya kitu kilicho nyuma yake.

Tofauti ya pili ni kwamba dereva haisikii trela. Gurudumu la mbele la gari likipungukiwa upepo, usukani huvuta upande mmoja na dereva hujua papo hapo. Tairi la trela linaweza kupata panchari na kuendelea kukanyagwa kilomita kadhaa hadi ubavu wake ukatike vipande, huku aliyeko kwenye usukani akisikia tu gari limekuwa zito kidogo. Panchari ambayo ingezibwa kwa fedha kidogo huishia kuwa tairi la kutupwa, pengine pamoja na rimu.

Tofauti ya tatu ni uzito unaobadilika sana. Pikapu tupu na pikapu iliyojaa hutofautiana, lakini injini na kebini vipo daima. Trela iliyokuwa na magunia kumi asubuhi hurudi jioni ikiwa chuma kitupu. Upepo uliofaa kwa mzigo huwa mwingi mno kwa safari ya kurudi. Trela hurukaruka kwenye murram, magurudumu yakipaa na kuanguka, na kila pigo huishia kwenye springi, kwenye ekseli na kwenye kiungo kinachoishikilia nyuma ya gari. Nyufa nyingi za chuma cha trela huanza kwenye safari za kurudi tupu.

Kupima uzito kwanza

Kipimo cha upepo hakiwezi kupatikana kabla uzito haujajulikana, na uzito wa kukisia kwa macho hudanganya. Njia ya uhakika ni mizani ya magari, kama zile za kwenye maghala ya nafaka na viwanda vya unga. Trela iliyojaa, ikiwa bado imefungwa kwenye gari, husogezwa hadi magurudumu yake peke yake yawe juu ya mizani. Namba inayosomeka ndiyo mzigo unaobebwa na matairi hayo.

Pasipo na mizani, hesabu ya karatasi hutosha kuanzia. Gunia la mahindi ni kilo 90. Trela ndogo ya pikapu yenye uzito wa kilo 350, ikipakiwa magunia kumi, hufikia kilo 1,250. Ikipangwa vizuri, karibu asilimia 10 ya uzito huo hulalia kiungo cha gari, na zilizobaki, kama kilo 1,125, hubebwa na magurudumu mawili: takriban kilo 560 kila moja. Zile kilo 125 za kwenye kiungo hazijapotea. Zimehamia matairi ya nyuma ya pikapu, nayo yanastahili kuongezewa upepo.

Kwa trela ya kambi hesabu ni hiyohiyo, ila vitu ni vingi na vidogo. Lita 100 za maji ni kilo 100. Mtungi wa gesi, betri, jokofu, hema la juu, sanduku la vyombo, kuni na gurudumu la akiba huongezeka kimyakimya. Tangi au jokofu likiwa upande mmoja, tairi la upande huo hubeba zaidi ya mwenzake. Upepo huwekwa kwa kufuata upande mzito, na pande zote mbili huwa sawa, ili trela isivute upande.

Kusoma ubavu wa tairi

Baada ya uzito, ubavu wa tairi ndio wa kusomwa. Mfano mzuri ni tairi la 195R15C, lijulikanalo sana Kenya kwa sababu ya matatu za Toyota Hiace, na ambalo mafundi wengi hulifunga kwenye trela ndogo. Herufi C huonyesha kwamba ni tairi la magari ya mizigo. Mara nyingi hufuatiwa na namba 106/104. Namba ya kwanza ni faharasa ya mzigo kwa gurudumu moja moja: 106 humaanisha kilo 950, zinazobebwa tairi likiwa na paundi 65. Kwa kulinganisha, faharasa ya 100 ni kilo 800 na ya 112 ni kilo 1,120.

Kutoka hapo, kipimo cha lami hupatikana kwa ulinganifu. Ikiwa paundi 65 hubeba kilo 950, kilo 560 zinahitaji takriban paundi 38. Kuongeza mbili tatu za tahadhari huleta paundi 40, na hicho ndicho kipimo cha msingi cha trela ile ya magunia kumi kwenye lami. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye ubavu ni upeo wa tairi. Anayejaza hadi upeo huo bila kujali mzigo anaviringisha jiwe, na wayo hulika katikati huku pembeni pakibaki papya.

Alama nyingine ni ya mwendo. Herufi Q ni kilomita 160 kwa saa, N ni 140 na L ni 120. Matairi ya trela za shambani huwa na alama kama A8, yaani kilomita 40 kwa saa. Tairi la namna hiyo likifungwa kwenye trela na kuvutwa na pikapu kwa kasi ya 80, hupata joto ambalo halikutengenezewa, hata kama upepo wake ni sahihi.

Alama ya mwisho ni tarehe. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza kwa DOT kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya trela aghalabu hayamaliziki kwa kukanyagwa. Huzeekea juani trela ikiwa imeegeshwa miezi mingi kati ya msimu na msimu. Ubavu wenye nyufa ndogondogo hautakiwi kupunguzwa upepo, kwa maana ni ubavu huohuo utakaokunjwa na kunyooshwa katika kila mzunguko.

Murram, matope na mchanga

Kwenye murram kavu, upepo wa lami hupunguzwa kwa karibu robo. Trela yenye kipimo cha msingi cha paundi 40 hushushwa hadi 30. Faida ya kwanza ni kwa tairi lenyewe: lililojaa sana likikutana na jiwe lenye ncha halina pa kukimbilia, hivyo jiwe hupenya, ilhali lililolegea kidogo hulikunjia jiwe na kupita. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa trela, kwa kuwa matairi ya gari hugeuza mawe na kuyaacha ncha zikiwa juu mbele ya matairi yanayofuata. Faida ya pili ni kwa mzigo. Vijituta vya mawimbi vinavyojitokeza kwenye murram iliyokauka hutikisa trela mfululizo, na tairi lililolegea humeza sehemu ya mtikisiko kabla haujafika kwenye springi. Sharti lake ni mwendo: kilomita 60 kwa saa, au chini ya hapo.

Matope yana sura mbili. Pale ambapo chini ya tope jembamba pana murram ngumu, kupunguza sana hakusaidii. Tairi linatakiwa likate tope na kufika chini. Pale ambapo udongo ni laini kwenda chini, kama kwenye lango la shamba lililokanyagwa na trekta mchana kutwa, tairi linatakiwa lielee. Hapo hushushwa hadi karibu nusu ya kipimo cha lami, na mwendo uwe wa taratibu usiokatika. Trela ambayo upana kati ya magurudumu yake ni sawa na wa gari hupata nafuu nyingine: matairi yake hufuata njia iliyokwisha kukanyagwa badala ya kufungua mitaro mipya miwili. Ikiwa na rimu na matairi ya aina ileile ya gari, gurudumu la akiba moja hutumika kwa zote mbili.

Mchanga mkavu, kama ule wa laga (mito mikavu) za Turkana na kingo za jangwa la Chalbi, ndio unaodai upepo mdogo kuliko wote. Kwa trela ile ya mfano, paundi 18 hadi 20 ni mahali pa kuanzia, na mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Chini ya paundi 15 hatari mbili hukaribia. Tairi lisilo na tyubu linaweza kuchomoka kwenye ukingo wa rimu trela inapokata kona kali, hasa trela ya ekseli mbili, ambayo matairi yake huburuzwa kiubavu kila inapogeuka. Tairi lenye tyubu huteleza juu ya rimu, tyubu ikavutwa na shina la valvu likakatika. Trela nyingi za shambani bado zinatumia tyubu, na kwa hizo upungufu mkubwa wa upepo si wa kujaribiwa.

Kwa trela ya trekta kuna jambo la ziada, nalo ni shamba lenyewe. Udongo wa juu hushindiliwa kwa kiasi kinachokaribiana na upepo wa tairi, na udongo wa chini zaidi hushindiliwa kwa uzito wa ekseli. Trela iliyofungwa matairi ya lori yenye upepo mwingi, ikiingia shambani udongo ungali na unyevu, huacha chini ya mtaro wake tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi ya msimu unaofuata hulipenya kwa shida. Mistari ya mahindi mafupi inayofuata njia ya trela ni ishara ya mavuno ya mwaka uliotangulia. Tiba yake ni matairi mapana yenye upepo mdogo, mzigo mwepesi, au kuiacha trela kwenye njia ya pembeni na kubeba magunia hadi hapo.

Baridi, joto na mwinuko

Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: husukuma kwa karibu paundi 11.4, ilhali ile ya Mombasa husukuma kwa 14.7. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Kwa hiyo tairi lililopimwa paundi 40 Mombasa, likipandishwa Eldoret bila joto lake kubadilika, lingesomeka karibu 43. Lakini joto hubadilika. Usiku wa pwani huwa na nyuzi zaidi ya 20, na alfajiri ya Eldoret hushuka hadi kama nyuzi 10, na upepo uliopoa husinyaa. Hesabu zote mbili zikiunganishwa, mwinuko na baridi hukaribia kufutana, na tairi lililosomeka 40 likiwa baridi Mombasa husomeka karibu hapohapo likiwa baridi Eldoret.

Safari ya kaskazini huonyesha jambo hilohilo kwa kinyume. Trela iliyowekwa paundi 40 Kiplombe alfajiri, ikavutwa kupitia Kitale, Kapenguria na Marich hadi Lodwar, hushuka zaidi ya mita 1,500. Hewa nzito ya chini ingepunguza namba kwenye geji kwa zaidi ya paundi 2, lakini mchana wa nyuzi 35 huipandisha kwa karibu 4 na nusu. Kivulini Lodwar, baada ya tairi kupoa kutokana na mwendo, geji ingesoma kama 42. Dereva akitoa hizo mbili zilizozidi, kesho yake alfajiri atakuwa na tairi lililopungua.

Kanuni inayotokana na hayo ni fupi. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari au baada ya kupumzika saa tatu hivi, na kabla jua halijaupiga upande mmoja wa trela. Kila nyuzi 5 au 6 za joto huongeza au kupunguza karibu paundi 1. Upepo uliopanda kwa sababu ya mwendo hautolewi. Watengenezaji wa matairi wameshaupigia hesabu.

Tairi lenyewe linavyojibu

Hesabu ya uzito huleta kipimo cha kuanzia, na barabara hukisahihisha. Adui mkubwa wa tairi ni joto, nalo hutokana na ubavu kukunjwa na kunyooka. Tairi lenye upepo pungufu hukunjwa zaidi katika kila mzunguko, na kasi ikiongezeka mizunguko huwa mingi kwa dakika. Mpira huchemka, nyuzi hujitenga, na tairi hupasuka. Ndiyo maana paundi 20 ni sahihi kwenye laga kwa kilomita 25 kwa saa, na ni hatari kwenye lami kwa 80.

Wasafiri wa nje ya lami nchini Australia, ambako trela za kambi ni nyingi, hutumia kipimo kinachofaa kokote. Tairi hupimwa likiwa baridi, gari huendeshwa saa moja kwa mwendo wa safari, kisha hupimwa tena papo hapo. Likipanda kwa takriban paundi 4, upepo unalingana na mzigo na njia. Likipanda kwa 8, lilikuwa pungufu na limekunjwa mno. Liongezwe upepo, au mwendo upunguzwe. Likipanda kwa 1 au 2 tu, lilikuwa limejaa kupita kiasi. Kwa mtu wa Kiplombe, jaribio hili lifanyike mahali pa tambarare kama njia ya Kitale, si kwenye mteremko wa Iten kuingia Bonde la Kerio, ambako mwinuko na joto la breki huchafua hesabu.

Mkono nao ni kipimo. Kila kituo, kiganja huwekwa kwenye kila tairi la trela. Moja likiwa na joto kuliko mwenzake, lina upepo pungufu, limebeba zaidi, au beringi yake inashika. Ukaguzi huo huchukua muda mfupi na ndio unaoziba pengo la dereva asiyeisikia trela yake. Vipo pia vihisio vinavyofungwa kwenye valvu na kuonyesha upepo kwenye kioo kidogo mbele ya dereva; kwenye trela vina manufaa kuliko kwenye gari lenyewe.

Geji, pampu na utaratibu

Vifaa ni vichache. Cha kwanza ni geji ya mwenyewe. Geji za vituoni hugongwa na kudondoshwa siku nzima na hutofautiana baina yao. Geji moja iliyotunzwa, hata ikikosea kwa paundi 1, hukosea vilevile kila siku, na tofauti kati ya jana na leo husomeka. Cha pili ni pampu ya umeme inayotumia betri ya gari, iunganishwe moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu pampu kubwa huunguza fyuzi ya kiberiti cha gari. Cha tatu ni vifaa vya kuziba panchari na viini vya valvu vya akiba. Vifuniko vya valvu visipuuzwe: tope likiingia kwenye valvu, upepo huvuja polepole usiku kucha.

Utaratibu wa siku unafuata ardhi. Alfajiri, matairi yote hupimwa yakiwa baridi na kuwekwa kipimo cha lami kwa mzigo wa siku hiyo. Lami inapoishia, gari husimama na upepo hupunguzwa, kwenye trela na kwenye gari, kabla ya kukwama na si baada yake. Matairi ya ekseli moja huwa na upepo sawa. Kwenye mchanga au tope zito hushushwa tena. Kurudi kwenye lami, husimama mara ya pili na kujaza upya kabla ya kuongeza mwendo. Trela ikishusha mzigo wake ghalani na kurudi tupu, hupunguzwa kulingana na uzito uliobaki.

Kujaza upya ndiko watu wengi hukuruka. Kunachosha, kunakula muda, na mara nyingi giza limeanza kuingia. Lakini anayepunguza upepo anaazima usalama wa lami kwa ajili ya shamba, na deni hilo hulipwa palepale lami inapoanza. Kwa hiyo mwenye trela asiye na geji na pampu yake mwenyewe asipunguze upepo hata kidogo: abaki na kipimo cha lami, apunguze mzigo, na aende polepole.